Barua kutoka Michigan: Daftari Chini ya Mto wa Kochi

Ndugu zangu wa nyumbani,

  Kazi yangu huku mnaijua, ni ukalimani. Grand Rapids, mji ninaoishi, umepokea familia nyingi kutoka Kongo, na Kiswahili cha Bukavu na Uvira kinasikika hospitalini, shuleni na mahakamani. Leo nataka kuwaeleza habari za mawakili wa mashauri ya mirathi, udhamini na biashara, kwa sababu wengi mmeniuliza kama Wamarekani nao, pamoja na karatasi zao zote, hugombania mali ya marehemu.

Wanagombania sana. Chukueni mfano wa Aretha Franklin, malkia wa muziki wa soul, aliyefariki Detroit tarehe 16 Agosti 2018 akiwa na miaka 76. Mwanzoni familia iliamini kwamba hakuacha wasia. Mwezi Mei 2019 yakapatikana nyumbani kwake maandishi ya mkono wake mwenyewe. Ya mwaka 2010 yalikuwa ndani ya kabati lililofungwa kwa ufunguo. Ya mwaka 2014 yalikuwa kwenye daftari, chini ya mto wa kochi. Karatasi za kabatini ziliwataka wanawe wawili wasomee biashara na wapate cheti au shahada ndipo wafaidi. Daftari halikuwa na sharti hilo, na nyumba yake kubwa lilimpa mwanawe Kecalf pamoja na wajukuu. Wana wawili wakasimama na daftari, mwingine akasimama na karatasi za kabatini, na mawakili wakaingia kazini.

Sheria ya Michigan inaukubali wasia wa mkono hata bila mashahidi, mradi una tarehe na sahihi, na sehemu zake za msingi ni mwandiko wa marehemu. Kwa hiyo ubishi ukawa juu ya sahihi. Ndani ya herufi A ya jina lake, mama huyo alikuwa amechora uso unaotabasamu. Je, hiyo ni sahihi ya mtu anayeandika wasia, au ni michoro ya mtu anayewaza peke yake sebuleni? Upande mmoja ukasema kitu cha maana hufungiwa kabatini. Mwingine ukajibu kwamba wasia ni wasia hata ukiachwa juu ya meza ya jikoni.

Shauri lilisikilizwa Pontiac, Julai 2023. Kwetu mwamuzi angekuwa hakimu au jaji. Huku waliamua raia sita wa kawaida, watu walioitwa kutoka majumbani mwao, wakapewa chumba washauriane. Hawakumaliza hata saa moja. Wakarudi na jibu: daftari ni wasia halali. Ilikuwa imepita karibu miaka mitano tangu mama huyo afariki.

Hapo ndipo ninapomheshimu wakili wa kesi hizi, maana huandaa kazi ya miaka ili isikilizwe kwa siku chache na watu wasiojua sheria. Hatengenezwi upesi. Marekani sheria haisomwi moja kwa moja kutoka sekondari. Kwanza shahada ya kawaida ya miaka minne, kisha shule ya sheria miaka mitatu, kisha mtihani wa uwakili ambao hapa Michigan huchukua siku mbili. Akishaapishwa, bado atakaa miaka akibeba mafaili ya wakubwa wake, akisoma taarifa za benki za mtu asiyemjua, ukurasa kwa ukurasa.

Nimekula kiapo cha ukalimani, na siri za watu sizitoi. Namna kazi inavyokwenda naweza kuieleza. Mashauri ya madai yanayofika kusikilizwa hadi mwisho ni machache mno. Katika mahakama za shirikisho hayafiki mawili kwa kila mia. Mengine mengi humalizwa kwa usuluhishi, na mara nyingi usuluhishi huo huzaliwa katika chumba kidogo cha ofisi ambako shahidi huhojiwa chini ya kiapo kabla ya siku ya mahakama. Pana meza, mwandishi anayenakili kila neno, jagi la maji na boksi la tishu.

Mawakili wachanga huanza na swali kubwa: ulimlazimisha mama yako abadilishe wasia? Jibu lake linajulikana. Mmoja wa mawakili ninaofanya nao kazi, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, haulizi hivyo kamwe. Huuliza nani alikuwa akimpeleka mama kliniki, nani alikuwa akipokea simu yake, kitabu cha hundi kilikaa droo gani, na wakili aliyeandika wasia mpya alitafutwa na nani. Majibu yanatoka kidogo kidogo, na mwisho wa siku picha imekamilika: mzee mgonjwa, mtoto mmoja aliyeshika funguo zote, na ndugu wengine waliokuwa wakiambiwa kwamba mama amelala. Sheria ina jina la jambo hilo, ushawishi usio halali. Kulithibitisha ni kazi ya sindano, na inahitaji moyo pia. Anayedodoswa naye amefiwa, na mama huyu wa makamo halisahau hilo hata dakika moja. Nimewaona na wengine wanaolisahau, na sidhani wanastahili taaluma yao.

Wazee wengi huku hukwepa mahakama ya mirathi kwa kuanzisha udhamini. Mzee anahamishia nyumba na akiba yake humo akiwa hai, anaisimamia mali hiyo mwenyewe, na akifa mdhamini aliyemtaja anagawa mali bila kupitia kwa jaji. Ni mpango mzuri, ila mdhamini mara nyingi ni mmoja wa watoto, na wadogo zake wanapoomba hesabu naye akawaambia wasubiri, kesi imezaliwa. Zamani walibishana nani aliandikiwa nini. Sasa wanabishana mshika mali amezifanyia nini.

Ndiyo maana wakili huyohuyo hushika pia kesi za biashara. Chukueni kesi moja ya zamani ya wabia wawili. Mwaka 1902 bwana mmoja, Salmon, alikodi Hotel Bristol, New York, kwa miaka 20, naye Meinhard akaweka nusu ya fedha. Mkataba ulipokaribia kwisha, mwenye ardhi alimfuata Salmon na mpango mkubwa zaidi. Salmon akausaini bila kumwambia mwenzake. Mwaka 1928 Mahakama ya Rufani ya New York, kwa kura nne dhidi ya tatu, ilimpa Meinhard haki. Jaji Cardozo aliandika kwamba wabia wana wajibu wa uaminifu unaozidi desturi za sokoni. Hukumu hiyo ingali inafundishwa hadi leo, na mdhamini anayewaficha wadogo zake hesabu hupimwa kwa kipimo hichohicho.

Sasa nigeukie kwetu. Mbiyu Koinange, waziri wa serikali ya Mzee Jomo Kenyatta, alifariki mwaka 1981, na zaidi ya miaka 30 baadaye mirathi yake ilikuwa bado mahakamani. Sisi wa ughaibuni tunaandaa mashauri magumu zaidi, maana tunaacha mali katika nchi mbili. Hati ya usimamizi iliyotolewa Michigan haikupi kiwanja cha Kibaha, Tanzania. Ardhi hufuata sheria ya mahali ilipo, na shauri litafunguliwa tena huko. Kwa kawaida Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, na Sheria ya Ardhi ya 1999 imekuwa ikimbana asiye raia, kwa hiyo aliyebadili uraia huandikisha kiwanja kwa jina la ndugu, na watoto tuliowazaa huku wanaweza kuikuta nyumba ya baba yao ina jina la mtu mwingine, na mtu huyo ni baba yao mdogo aliyesimamia ujenzi. Wengi wetu tumejenga hivyohivyo, kwa kutuma fedha na kuaminiana.

Wengine mnasema mmekwisha kutoa wasia wenu kwa simu. Kenya wasia wa mdomo unakubalika mbele ya mashahidi wawili au zaidi, tena aliyeutoa awe amefariki ndani ya miezi mitatu tangu autoe. Maneno ya simu ya miaka iliyopita hayatasimama mbele ya jaji.

Kwa hiyo ninawaomba, ninyi mlio huko nasi tulio huku. Andikeni wasia kwa kila nchi mliyo na mali, na mwambieni wakili wa huku kuhusu wasia wa kule, ili mmoja usije ukaufuta mwingine. Tanzania, RITA, yaani wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huandika wasia na kuuhifadhi. Wekeni kwa maandishi mkataba na ndugu anayewajengea, pamoja na risiti zake. Kisha mtajeni mtu mmoja anayejua karatasi hizo ziko wapi, na mwambieni wiki hii.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa Grand Rapids