Tulivyompeleka Mama Kuliona Ziwa

Wengi wenu mmetuuliza habari za safari yetu ya mwezi wa Desemba, tulipotoka Tabora kwenda Ujiji, jamaa nzima, tukilala njiani ndani ya motokaa. Tumeona vema kuieleza hapa, kwa kuwa ilitufundisha jambo tusilolikusudia, na huenda likawafaa wazazi na walimu wengine.

Sababu ya safari ilikuwa macho ya mama yetu. Daktari alitwambia ana presha ya macho. Katika ugonjwa huo maji ya ndani ya jicho husukuma kwa nguvu kupita kiasi, na kuudhuru mshipa upelekao habari za jicho kwenye ubongo. Mara nyingi hauumi, wala hauna haraka. Huanza kula pembeni, na mgonjwa hana habari, hata siku moja akatambua kwamba aona mbele tu, kama mtu achunguliaye ndani ya mwanzi. Kilichokwisha potea hakirudi. Dawa na upasuaji hulinda kilichobaki. Mama aliposikia hayo hakulia. Alisema, "Kama ni hivyo, wanangu, nipelekeni kwanza nikalione ziwa." Maana yeye alizaliwa Ujiji, binti wa mvuvi, akaolewa Tabora na mtu wa reli angali msichana, na tangu alipomzika mama yake hakurudi tena.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na Mama alipenda kwenda kwa gari la moshi, kama alivyokuja. Lakini sisi, mume na mke, tuliona ni afadhali tuwe na chombo chetu, tusimame tupendapo. Tukaazima Hiace kuukuu ya jirani, tukang'oa viti vya nyuma, tukapiga kitanda cha mbao, tukatia magodoro, vyandarua, jiko la mkaa, sufuria na madumu ya maji. Usiku Mama na mabinti wetu wawili walilala ndani, na sisi na mvulana wetu wa miaka 14 tukalala chini ya turubai lililofungwa ubavuni. Watoto wakaiita nyumba ya magurudumu, wakaisifu kuliko nyumba yetu ya matofali.

Basi tukaandika katika daftari kila kituo na saa yake: Urambo, Kaliua, Uvinza, Kigoma, Ujiji, na mwisho Gombe. Njia hii yafuatana kwa sehemu kubwa na ile ya misafara ya zamani. Kila tulipopita, Mama aliomba tusimame kidogo, hapa anuse maua, pale aulize bei ya asali. Nasi tulijibu, "Tutachelewa, Mama." Tulipofika Uvinza alitaka kushuka aone mahali pa chumvi, kwa maana watu wamechemsha maji ya chemchemi zile kwa zaidi ya miaka elfu moja, na chumvi yake ilichukuliwa mbali sana. Sisi tukamnunulia kifuko kimoja kwa dirishani, tukaendelea. Aliramba punje kidogo, akanyamaza.

Haikupita saa moja, gurudumu la nyuma likazama katika tope hata ekseli. Tulichimba, tukatia matawi, tukasukuma; vijana wa kijiji wakaja na kamba, nalo lisitoke mpaka kesho yake adhuhuri. Daftari letu likawa halina maana tena. Mama peke yake hakuona udhia; aliketi juu ya dumu akizungumza Kiha na wanawake wa pale, lugha tusiyomsikia akiisema miaka mingi.

Tukafika Kigoma siku ya tatu jioni, kukiwa na mawingu mazito. Tulisimama kilimani ili ziwa lionekane lote, na hapo tusione ila ukuta wa rangi ya majivu. Binti mdogo akasema, "Bibi, hakuna kitu." Hilo lilituchoma sana, kwani tulihofu kwamba tumemleta mama yetu aone ukungu.

Usiku, mvua ikipiga juu ya bati la gari, tuliwasimulia watoto habari za Burton na Speke, Waingereza waliofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 baada ya kutoka pwani mwaka uliotangulia. Burton alikuwa hawezi miguu, tena Speke macho yake yalikuwa mabovu hata karibu kupofuka. Walipofika juu ya kilima, Burton aliona mstari unaong'aa tu asiufahamu, akamwuliza Sidi Mubarak Bombay, na Bombay ndiye aliyemwambia kwamba yale ni maji. Speke hakuona ila ukungu. Mama akacheka gizani, akasema, "Kumbe si mimi wa kwanza."

Asubuhi mvua ilikuwa imeosha hewa. Ng'ambo ya maji, milima ya Kongo ilisimama dhahiri, kila bonde na kivuli chake. Walakini siku iliyobaki ilikuwa moja tu, kwa kuwa tope lilikula moja, na hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Hakuna barabara ya motokaa iingiayo Gombe. Hupandwa mashua Kibirizi, na fedha zake tulikuwa nazo. Mvulana wetu alikuwa amesoma habari za Jane Goodall, aliyefika pale mwaka 1960 akaona sokwe wakitengeneza vijiti vya kuvulia mchwa, jambo ambalo wataalamu wengi walidhani ni la binadamu peke yake. Bibi huyo alifariki mwezi wa Oktoba 2025, na tangu siku ile kijana hakuwa na neno jingine ila Gombe. Mama akasema, "Nendeni, wanangu. Mimi nitawangoja garini."

Twaona haya kusema kwamba tulikuwa karibu kukubali. Mafuta ya mashua tulikwisha yaulizia bei. Kisha mmoja wetu akauliza, "Safari hii tuliifunga kwa ajili ya nani?" Hapakuwa na jibu la pili. Mvulana akaondoka kwa hasira, akaketi nyuma ya gari, asile chai.

Tukaenda Ujiji. Tulipita penye kumbukumbu ya Livingstone, mahali Stanley alipomkuta mwaka 1871 chini ya mwembe. Mwembe ule ulikufa, na iliyopo ni miche yake. Wakati ule maji yalikuwa karibu na mahali hapo, lakini leo ufuko u mbali kidogo. Mwalimu mmoja akawaeleza watoto kwamba ziwa hupanda na kushuka: katika miaka ya 1870 lilijaa hata likapasua njia ya mto Lukuga kuelekea Kongo, kisha likashuka, na katika miaka hii ya karibuni limepanda tena, likaingia katika nyumba na bandari.

Haya tuliyaona wenyewe. Mama alitaka kufika mahali baba yake alipokuwa akivuta mtumbwi wake. Binamu yake, mzee wa makamo yake, alituongoza hadi ukingoni, akanyosha fimbo yake mbele, juu ya maji, akasema, "Pale, dada. Pamefunikwa." Mama akasimama kitambo. Kisha akavua viatu, akaita, "Mume wangu, njoo unishike mkono," maana ndivyo amwitavyo mjukuu wake. Kijana akaja shingo upande, wakaingia wawili mpaka magotini.

"Niambie unaona nini," akasema Mama.

"Maji, Bibi."

"Maji gani?"

Hapo ikambidi atazame. Akamwambia kwamba karibu yana rangi ya chupa, mbele zaidi ni buluu, na mbali kuna mstari mweusi. Akamwambia ziko ndege weupe watatu juu ya nguzo. Milima hakuweza kumwonyesha kwa kidole, kwa sababu Mama hakukiona kidole, basi akamshika kichwa polepole, akisema, "Kushoto kidogo, Bibi. Juu kidogo. Hapo." Na Mama akasema, "Naam, ndio hao." Walikaa hivyo karibu saa nzima, yeye akitafuta kilele kimoja kimoja, sisi tumekaa mchangani na daftari letu mfukoni.

Ziwa hili lina urefu wa kilomita 673 hivi, na kina chake chafika mita 1,470. Katika ulimwengu ni Baikal tu lililo na kina kupita hili, na sakafu yake i chini ya usawa wa bahari. Hakuna mwenye macho mazima aliyeliona lote kwa kusimama ufukoni. Kila mtu huona kipande chake.

Usiku wavuvi walitoka. Zamani za baba yake Mama walitumia karabai. Siku hizi wengi wana taa za betri, lakini kazi ni ile ile: dagaa hufuata nuru, na usiku wa mbalamwezi kali wavuvi hupumzika. Taa zile Mama aliziona vizuri kuliko kitu chochote cha mchana. Alizihesabu moja moja, mvulana akimgeuza kichwa, mpaka 31.

Gombe hatukufika. Fedha zake zimo katika bahasha yenye jina la kijana, naye atakwenda mwaka huu, Mungu akipenda.

Neno la mwisho, wasomaji wetu. Ugonjwa huu hufuata ukoo. Tuliporudi Tabora tulikwenda sote kupimwa, na mmoja wetu ameonekana ana mwanzo wake. Hutia dawa ya matone kila jioni, na mvulana ndiye amkumbushaye. Ikiwa mzazi au ndugu yenu anayo presha ya macho, nanyi kapimweni, msingoje maumivu. Na mkifunga safari pamoja na mzee, mwendo aupange yeye.

Mama awasalimu sana. Macho yake yamepungua tena kidogo. Jioni humwita mumewe, akamwambia amweleze ile milima.