Mchezo wa Jioni

Msomaji wangu, usidhani kuwa kumchagulia mtoto wa miaka 11 mchezo wa televisheni ni jambo jepesi. Vibonzo amekwisha kuvichoka, na ya watu wazima hajayafikia. Hapa Kenya, Bodi ya Uainishaji wa Filamu hutia alama: GE ni kwa watu wote, PG humtaka mzazi awepo kuongoza, kisha 16 na 18. Nami, kwa ualimu wangu, nilizitii alama hizo kama mtaala.

Jioni moja nilitazama mchezo wa PG pamoja na binti ya dada yangu. Hapakuwa na tusi wala ngumi. Mara baba mmoja mchezoni akafunga sanduku lake, akaiacha nyumba. Nikazima upesi, maana baba ya mtoto huyu naye aliondoka vivyo hivyo mwaka juzi. Nilijiona mwenye busara kubwa!

Mtoto akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mjomba, mbona umezima? Nilitaka kuona yule mama atafanyaje."

Nikawasha. Tukakuta tangazo la sabuni, tukangoja.