Baraka: Esansi ilikuwa inaenda wapi?

BARAKA – Wakaaji wanaosafiri kati ya Baraka na Fizi kituo walikwisha kuizoea Toyota Carina moja nyeupe, ya miaka ya 1990, usukani upande wa kuume. Ni gari la watu watano linalobeba saba, magunia ya muhogo yakiwa juu na kuku chini ya kiti. Kilichowashangaza msimu uliopita wa mvua ni moshi. Kila asubuhi gari lilipowashwa, moshi mweusi ulitoka nyuma, na akina mama waliokuwa wakipanga samaki kando ya barabara walifunika mabeseni yao.

Dereva wake ni baba wa watoto watano. Alihama kutoka milima ya juu kwa sababu ya vita, na familia yake imepokelewa katika chumba kimoja mtaani Baraka. Gari si lake. Kila jioni anampa mwenye gari kiasi walichopatana, kinachobaki baada ya kununua esansi ndicho anachopeleka nyumbani. Zamani lita 8 zilimtosha kupanda Fizi na kurudi. Polepole zikawa 9, kisha 10, mwishowe 11. Kwa mtu anayenunua esansi katika chupa kando ya barabara, lita 3 ni chakula cha watoto cha siku nzima.

Mwenye gari naye alikuwa akihesabu. Jioni moja pesa ziliposhuka tena, alimwita dereva mbele ya watu.

"Kijana, esansi haina mabawa. Inaenda wapi?"

"Mzee, sikuuza hata kikombe kimoja. Gari ndilo linalokunywa."

"Mbona halikunywa kabla hujafika?"

Neno hilo la mwisho ndilo lililomuuma. Mtu mwenye kwao anaposhtakiwa, jirani husimama na kusema, tunamjua huyu tangu utoto. Mhami hana jirani wa namna hiyo. Tangu siku ile mwenye gari akaanza kumkata franka 10,000 kila Jumamosi, kulipia esansi iliyopotea. Ilikwenda hivyo majuma sita.

Gari lilipelekwa kwanza kwa fundi mmoja aliyesikiliza moteri kwa dakika chache na kusema injekteri zote nne zimekufa, zibadilishwe. Bei yake ilimtisha hata mwenye gari. Ndipo wakaenda kwa mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwembe, ambaye alianza kwa kumgeukia dereva.

"Mdogo wangu, moshi unazidi lini?"

Dereva alisema hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Alijibu kwamba unazidi asubuhi, na siku za mvua. Wakati wa kupanda kwenda Fizi, gari likiwa na mzigo, unapungua. Lakini akishuka mteremko mrefu, anapofika chini kwenye bonde la Mutambala na kukanyaga tena, unarudi mweusi kama wa asubuhi. Akisimama sokoni moteri ikizunguka kwenye jua, baada ya muda unaisha.

Mzee alitikisa kichwa, akaanza kazi bila haraka. Moshi wa bluu, alieleza, ni mafuta ya moteri yanayoungua. Moshi mweupe usiokatika, wenye harufu tamu, mara nyingi ni maji ya radiateri yanayoingia ndani. Mweusi ni esansi iliyozidi hewa. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya moteri na kukinusa: kilinuka esansi. Hiyo ni hatari, kwa maana esansi ikishuka chini huyafanya mafuta kuwa mepesi kama maji, na moteri hujila yenyewe.

Kisha akafungua buji zote nne na kuzipanga juu ya kitambaa. Zote zilikuwa na masizi makavu, meusi sawasawa. Hapo akasema injekteri hazina kosa. Injekteri moja ikivuja, buji yake peke yake ndiyo inayokuwa nyeusi kuliko wenzake. Zikiwa nyeusi zote kwa usawa, kosa liko mahali panapohudumia silinda zote.

Gari la injekteri halina karburateri ya kufunga na kufungua kwa bisibisi. Kompyuta ndogo ndiyo inayoamua esansi kiasi gani inyunyizwe, nayo huamua kwa habari inazoletewa na sondi. Ikiletewa habari kwamba moteri ina kazi nzito, huongeza. Ikiambiwa moteri ni baridi, huongeza pia, kwa sababu esansi haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma baridi. Mzee alizifuata habari hizo moja moja. Filtri ya hewa ilikuwa safi. Mrija mwembamba unaokwenda kwenye sondi ya mgandamizo wa hewa haukupasuka. Ungepasuka, kompyuta ingedhani gari linapanda mlima kila saa. Mrija wa kidhibiti cha esansi haukuwa na tone la esansi ndani. Akaunganisha kwa waya tundu za TE1 na E1 katika kile kisanduku kidogo kilicho chini ya boneti, akahesabu taa ya moteri kwenye dashibodi. Kwa magari hayo ya Toyota, sondi ya joto ikikatika taa hupiga mara mbili, hutulia kidogo, kisha mara mbili tena, yaani namba 22. Taa ilipiga kwa mfululizo ule ule bila kutulia. Maana yake, hakuna namba ya kosa.

Akaliendesha gari nusu saa hadi nje ya mji na kurudi, akapima ile sondi ya joto. Sondi nzima ya aina hiyo huonyesha omu 2,000 hadi 3,000 ikiwa kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 ikifika nyuzi 80. Hii ilionyesha zaidi kidogo ya 1,000, yaani kama nyuzi 40. Wengi wangesema sondi imeharibika na kununua nyingine. Mzee aliweka mkono juu ya mpira wa juu wa radiateri, akauacha hapo.

"Sondi inasema kweli," alisema. "Moteri hii ni baridi."

Akafungua nyumba ya termosta. Ndani hamkuwa na kitu.

Termosta ni mlango mdogo unaozuia maji yasipite kwenye radiateri mpaka moteri ipate joto. Mwenye gari akakumbuka: wakati wa kiangazi, kabla dereva huyu hajafika, radiateri ilivuja na gari likachemka njiani. Fundi wa wakati ule akaing'oa termosta ili maji yapite bila kizuizi, tundu la radiateri likaachwa. Kwa joto la kandokando ya ziwa haikujulikana sana. Mvua zilipoanza, na safari za mlimani zikaongezeka, kompyuta ikawa inalisha moteri kama kila saa ni alfajiri.

Radiateri ikachomelewa. Termosta ikaja kwa mashua kutoka Kigoma, imeandikwa 82. Kabla ya kuifunga, mzee aliifunga uzi na kuining'iniza ndani ya sufuria ya maji juu ya mbabula, watu wakitazama. Katika maji baridi ilibaki imefungwa. Maji yalipokaribia kuchemka ikafunguka. Alipoitoa ikajifunga tena. Mafuta ya moteri yakabadilishwa, buji zikasafishwa. Juma lililofuata safari ya Fizi ikarudi lita 8.

Mzee wa gereji anawaomba wenye magari jambo dogo. Fundi akitoa kitu, mwulize kwa nini, na ukidai. Kisiporudishwa siku ile, kiandikwe. Termosta ikitolewa kwa sababu ya kuchemka, ugonjwa uliochemsha gari bado uko pale pale, na mwingine umeongezwa. Na kabla ya kununua sondi, gusa moteri: huenda sondi ni shahidi wa kweli.

Mwenye gari hakusema mengi. Alikuja jioni nyumbani kwa dereva, mbele ya wale waliowapokea, akatoa franka 30,000 na kusema nusu iliyobaki itafuata. Hadi habari hii inaandikwa haijafika.

Dereva anaendelea na kazi. Chini ya usukani ameweka daftari la shule la mtoto wake wa pili, na kila jioni anaandika tarehe, lita alizonunua na safari alizofanya. Mwenye gari hakumwomba afanye hivyo.