MADAM AMEONDOKA, NA MIMI BADO NINA DENI LAKE

Wadau, leo sina umbea. Wiki iliyopita tumemzika mama mmoja ambaye wengi wenu hamkumjua. Hakuwa staa. Alifundisha uuguzi zaidi ya miaka 30, na wanafunzi wake walimwita Madam tu. Jina silitaji, familia bado iko kwenye msiba, ila waliopita mikononi mwake watamjua kabla sijafika mwisho.

Naandika kumsifia, lakini ukweli ni kwamba mara ya kwanza nilimwandika vibaya.

Turudi 2019. Dada yangu alikuwa mwaka wa pili chuoni. Nyumbani tulishazoea vituko vyake, mara anachoma machungwa sindano mezani, mara anamshika Mama mkono kuhesabu mapigo wakati Mama anasonga ugali. Siku moja akarudi analia. Madam kamzuia kuendelea na wenzake, inabidi arudie mafunzo ya wodini. Maana yake miezi zaidi, nauli zaidi, ada zaidi. Mama akauza friji aliyokuwa anauzia barafu na juisi.

Mimi ndo kwanza nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nina simu na bando. Nikaingia Facebook nikamwandika "tyuta mmoja mwenye roho mbaya anayekomoa watoto wa maskini". Sikutaja jina, lakini chuo kizima kilijua. Posti ikasambaa balaa, nikajiona mkali.

Kitu ambacho sikuuliza ni kosa lenyewe. Dada alikuja kuniambia baadaye sana. Siku hiyo alikuwa wodi ya wajawazito, kachoka, akawajazia wagonjwa watatu presha ya 120/80 bila kuwagusa. Si ndiyo presha ambayo kila mtu anajua ni nzuri? Madam akapita na mashine, akampima mmoja wao mwenyewe. 170/110. Kwa mjamzito, 140/90 tu tayari ni onyo. Hiyo ya 170/110 inaweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, ukampoteza mama na mtoto. Na yule mama wala hakuonekana mgonjwa, alikuwa anapiga stori na wenzake kitandani.

Madam hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Usiandike usichokipima."

Kumbe hilo ndilo lilikuwa somo lake kila mwaka. Mei 12, Siku ya Wauguzi, watu wanawasha mishumaa kumkumbuka Florence Nightingale, yule mama wa taa. Madam alikuwa anawaambia wanafunzi kuwa watu wanakumbuka taa, wanasahau daftari. Vita vya Crimea, wanajeshi wengi wa Uingereza waliuawa na magonjwa kuliko majeraha, na Nightingale alikusanya hizo hesabu akazichora mpaka wakubwa wakaelewa. Shule yake ya uuguzi ilifunguliwa London mwaka 1860. Kwa Madam, kazi yote ilianzia hapo, kuandika kilichopo.

Dada alimaliza, akapangiwa zahanati moja ya kijijini. Siku moja foleni ndefu, kaja mjamzito anasema kichwa tu kinamuuma. Mwenzake akamwambia, andika tu aende. Dada akampima. 180/120. Akachomwa sindano ya magnesiamu ya kuzuia kifafa, likaitwa gari la wagonjwa, akakimbizwa hospitali. Mama yule yuko hai na mwanawe yuko hai. Hawamjui Madam, wala hawatakaa wamjue.

Sasa kinachoniuma. Ile posti Madam aliiona. Alimwita dada ofisini, akamwonyesha kwenye simu, akasema, "Mwambie mdogo wako na yeye asiandike asichokipima." Basi. Hakumfanyia dada kisasi, maksi zake akampa kama alivyostahili. Posti niliifuta 2021 kimyakimya. Kwake sikwenda. Na alikuwa anakaa mbali na mimi daladala moja tu.

Makaburini wauguzi walikuja na sare zao. Nilitaka niwaandikie hapa "mamia ya wauguzi", mkono ukasita. Niliwahesabu. Nilifika 63, jeneza likaanza kushushwa, macho yakajaa machozi nikapoteza hesabu. Kwa hiyo nawaambia 63, waliobaki sikuwapima.

Shikamoo Madam. Nisamehe. Nimechelewa.

Na wewe unayesoma, kama kuna mwalimu uliwahi kumsema vibaya na bado yupo, mpigie leo. Usisubiri kumwagia udongo.