Simu Usiku, Damu Asubuhi

Kijana wako akitema damu anapopiga mswaki asubuhi, usiulaumu mswaki. Muulize alilala saa ngapi.

Nilipopita Ngaremara, kwenye barabara ya Isiolo kwenda Marsabit, niliwakuta wazee wakipiga gumzo, kijiti cha mswaki mdomoni. Wajukuu walikuwa wameinamia simu. Sikushangaa, hata kwangu Nairobi ni yayo hayo.

Intaneti yenyewe haili ufizi. Shida ni kwamba kijana hukesha nayo hadi saa nane za usiku, soda na biskuti kando, kisha usingizi humchukua kabla hajasafisha meno. Mtu akilala mate hupungua, na mate ndiyo huosha kinywa. Ukoga hugandamana penye shina la jino, vijidudu hushamiri, ufizi huvimba. Usingizi haba nao hudhoofisha kinga ya mwili. Kijana wa miaka 13 hadi 18 ahitaji kulala muda wa saa 8 hadi 10.

Bahati nzuri, katika hatua hii ufizi hupona, mradi ukoga uondolewe kila siku, kwa brashi au kwa kijiti kile cha wazee.

Mpwa wangu hunikabidhi simu saa tatu za usiku, kisha huenda kupiga mswaki. Hununa, lakini hutoa.