Geji ya Mizunguko

Kijana niliyemfukuza kazi mwaka 2018 alikuwa akiniita baba. Alikuwa mshika mashine katika mashua yangu ndogo pale Mbweni, na kosa lake, kwa hukumu yangu, lilikuwa kuikimbiza injini hata ringi za pistoni zikakatika. Alijitetea kwamba mashine ile haikuwa na mbio za kukimbizwa. Sikumsikiliza. Kelele yake nilikuwa nikiisikia nikiwa ufukweni, na moshi mweusi nilikuwa nikiuona. Mshahara wake wa mwezi ule nikauzuia.

Fundi alipomaliza kuifufua injini, nilinunua geji ya mizunguko ili mshika mashine atakayefuata asipate pa kujificha. Nakiri kwamba nia ilikuwa hiyo.

Kuifunga si kazi ya ajabu. Umeme wa alteneta huenda na kurudi kabla dayodi hazijaunyoosha uweze kuchaji betri. Ukivuta waya mmoja kabla ya dayodi, kwenye terminali yenye herufi W, geji huhesabu mapigo ya umeme huo na kuyasoma kama mizunguko kwa dakika. Alteneta yetu haikuwa na W, hivyo fundi aliifungua akalehemu waya wake mwenyewe. Taabu ilikuja baadaye. Puli ya alteneta ni ndogo kuliko ya injini, kwa hiyo huzunguka upesi zaidi, nayo geji hailijui hilo mpaka uirekebishe kwa skrubu iliyoko mgongoni. Lakini uirekebishe kwa kufuata nini?

Fundi aliniagiza nilete taa ya tyubu, zile za zamani zenye choki. Usiku tukaiwasha uani, injini ikiwa juu ya magogo na mpira wa maji ukiipoza kutoka kwenye pipa. Alichora mstari mmoja wa rangi nyeupe kwenye puli ya injini. Umeme wa gridi yetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na tyubu ya namna hiyo hupepesa mara 100 kwa sekunde, ingawa jicho halioni. Injini ikifika mizunguko 1,500 kwa dakika, yaani 25 kwa sekunde, taa hupepesa mara nne katika kila mzunguko. Akaongeza mafuta taratibu, na mara ule mstari mmoja ukawa minne, imesimama tuli kama msalaba, huku puli inazunguka! Watoto wa jirani walipiga kelele. Fundi akageuza skrubu mpaka mshale ukakaa kwenye 1,500. Kisha akapandisha hadi mistari ikawa miwili, na geji ikasoma 3,000. Sijapata kuona kipimo kizuri kilichogharimu kidogo namna ile.

Asubuhi tuliishusha mashua, tukaelekea upande wa Fungu Yasini. Nahodha alisukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho. Kitabu cha injini kilisema 3,600. Mshale ulisimama 2,600 na haukusogea tena. Moshi mweusi ukaanza.

“Hii mashine imebebeshwa, mwanangu,” akasema nahodha, ambaye ni mkubwa wangu kwa miaka mingi. “Yule kijana alikwambia.”

Propela niliinunua mimi, ya mtumba, kubwa kuliko ile ya awali, nikitumaini mwendo. Injini ilikuwa kama gari linalopandishwa mlima kwa gia namba nne. Dizeli ikilemewa hivyo, gavana huzidi kumimina mafuta, hewa haitoshi kuyachoma, na joto hupanda mpaka ringi zinakufa. Kelele niliyoidhania mbio ilikuwa kuguna.

Kwa propela ndogo mshale ulifika 3,450, na moshi ukaisha. Wiki ile ile nilikwenda kwao, Kunduchi. Kijana alikuwa ameshahamia Mafia. Mama yake alinipa kiti, akapokea mshahara niliouzuia, akauhesabu mara mbili. Nilipoanza kumweleza habari za propela alinikatiza kwa upole, akasema hayo nimweleze mwenyewe akirudi.