Nilijua, lakini nilimsifu kwenye mikro

Leo ninaongea juu ya besiboli, mchezo ambao wengi wetu hatujaucheza hata siku moja. Mchezaji anarushiwa mpira, anaupiga kwa fimbo. Ukiruka mpaka nje ya uwanja, hilo ndilo pigo kubwa kuliko yote.

Mwaka wa 1998, kule Marekani, Mark McGwire alipiga mapigo hayo 70 katika msimu mmoja. Rekodi ya zamani, 61, ilikuwa imekaa tangu 1961. Waandishi wa habari walimsifu usiku na mchana. Mmoja wao aliona chupa ya dawa ya kuongeza nguvu ndani ya kabati lake, akaandika. Dawa ile ilikuwa haijakatazwa katika ligi, na aliyelaumiwa ni mwandishi, eti anachungulia. Mwaka wa 2010 McGwire mwenyewe alikiri kwamba alitumia steroidi, hata mwaka ule wa 1998.

Barry Bonds alipita wote: mapigo 73 mwaka wa 2001, na 762 kwa jumla. Yeye anakana kwamba alitumia dawa hizo kwa kujua. Kuna Jumba la Heshima la besiboli, kule Cooperstown, na wanaopiga kura ni waandishi wa habari. Mchezaji anahitaji kura 75 kwa mia. Mwaka wa 2022, mara ya kumi na ya mwisho, Bonds alipata 66, akabaki nje. Lakini Bud Selig, aliyeongoza ligi miaka hiyo ya dawa, aliingizwa tangu 2017.

Niliposoma hayo, nilijiona mimi.

Tulipokuwa bado kambini, kulikuwa na mashindano ya vijana wa chini ya miaka 17. Mshambuliaji mmoja alifunga mabao kila mechi. Wote tulijua amepita miaka 20. Karatasi yake ilitengenezwa. Mimi nilishika mikro, nikapaza jina lake, watu wakashangilia. Tulihitaji furaha. Mwisho wa mashindano alichaguliwa kwenda kufundishwa mpira mjini. Kijana aliyekaa benchi nyuma yake alikuwa na miaka 16 ya kweli.

Mama yake alinikuta kwenye bomba la maji. Akaniuliza: «Baba, wewe ulijua?» Nikamwambia, «Mama, mimi ni mtangazaji tu.»

Jibu hilo linanisumbua mpaka leo.

Kama ningekuwa na kura, ningefanya nini? Hesabu za mabao na mapigo zibaki kitabuni, kwani watu waliziona. Lakini heshima ni kitu kingine. Anayekataa kusema ukweli, mimi singempa, juu ya wale waliocheza safi wakakosa nafasi. Hao hawana jumba, hata majina yao hatuyajui. Anayekiri, ningemsikiliza, na ningetaka kosa lake liandikwe pale pale chini ya sifa zake.

Lakini mwandishi aliyenyamaza wakati wa kushangilia hawezi kuja kesho kama hakimu mwenye mikono safi. Aanze kwa kusema alichokiona.

Kwa hiyo ninaanza mimi. Mama, nilijua. Wiki hii nitayasoma maneno haya hewani, kwa jina langu.